Bakajani: Okoa viazi na nyanya bila kujilisha sumu

Iwapo umepanda viazi au nyanya karibu na nyumba, iwe ni Kibirichia na Timau kule Meru au Manyatta na Runyenjes huko Embu, bila shaka umewahi kuona shamba lililokuwa kijani Jumatatu likiwa limeungua Jumamosi kana kwamba moto umepita. Wengi husema ni baridi. Lakini baridi peke yake haifanyi hivyo. Ugonjwa huo ni bakajani chelewa, na huletwa na kimelea kiitwacho Phytophthora infestans, ambacho hustawi wakati wa ubaridi na ukungu, majani yakikesha yakiwa yamelowa. Ndicho kilichoharibu viazi vya Ireland kuanzia 1845, na njaa iliyofuata ikaua watu wapatao milioni moja.

Geuza jani lenye madoa meusi asubuhi na mapema. Ukiona utando mweupe kama unga upande wa chini, ndio huo.

Hapo ndipo mkulima hukimbilia duka la dawa, na ndipo hatari kwa afya yako inapoanza. Dawa nyingi za ugonjwa huu zina mankozebu, ambayo huacha vumbi jeupe juu ya nyanya. Mankozebu hukinga jani zima; haiponyi lililokwisha kushikwa. Basi kuongeza kipimo shamba likiwa tayari limeoza ni kutupa pesa. Isitoshe, dawa hii ikivunjika, hasa katika moto wa jikoni, hutoa kemikali iitwayo ETU, ambayo huvuruga tezi ya shingo, ile ambayo ikivimba huitwa rovu. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutoiruhusu tena.

Kwa hivyo usidhani kupika kunaondoa dawa. Osha nyanya kwa maji yanayotiririka huku ukizisugua, hasa za kachumbari. Kabla ya hapo, soma kwenye pakiti ni siku ngapi unapaswa kungoja baada ya kunyunyizia ndipo uvune, na uzingoje zote. Usikorogee dawa kwenye ndoo ya maji ya nyumbani. Vaa glavu, buti na kitu cha kufunika pua na mdomo, na mama mjamzito asikaribie.

Lililo bora ni kupunguza haja ya dawa. Shangi hupendwa sokoni kwa kuiva upesi, lakini bakajani huishika upesi vilevile. Sherekea, Asante na Tigoni huvumilia zaidi. Nyanya zifunge kwenye miti, punguza majani ya chini na umwagilie shinani asubuhi, si jioni. Usizipande kando ya viazi kwani ni jamii moja na huambukizana. Ng'oa viazi vilivyojiotea. Wiki mbili kabla ya kuvuna, kata mashina uyaondoe shambani, ili maganda yakomae na ugonjwa usishuke kwenye viazi.

Kiazi kilichooza usile. Kilichogeuka kijani kwa kupigwa na jua nacho kiache; kina solanini, sumu isiyoisha kwa kuchemshwa, na huleta kutapika na kuhara. Na mtu akianza kutapika au kuhisi kizunguzungu baada ya kunyunyizia, mvue nguo hizo, mwoshe kwa sabuni na umpeleke hospitali mara moja, pamoja na pakiti ya dawa aliyotumia.