Kunakili Picha Si Wizi, Ni Kisomo



Anayeanza kisomo hufuata herufi ya mwalimu. Huiandika mara kumi, mara ishirini, mpaka mkono uzoee. Baadaye huandika barua kwa maneno yake mwenyewe. Kuchora kwa rangi za mafuta nako ni vivyo hivyo: tunaanza kwa kunakili kazi ya fundi.

Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alichora Dar es Salaam kwa rangi za kupaka baiskeli. Vijana walikaa naye, wakanakili ndege na wanyama wake. Alifariki mwaka 1972, lakini kazi haikufa. Wanafunzi wake waliiendeleza, na hadi leo picha za namna hiyo zinaitwa Tingatinga.

Sam Ntiro, aliyezaliwa Kilimanjaro mwaka 1923, alisoma uchoraji Makerere na London. Mwaka 1956 alichora kwa rangi za mafuta wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na jumba kubwa la sanaa la New York. Kumbe mambo ya migombani, tunayoyaona kila siku hapa Bugarama, yanafaa kutunzwa!

Basi, tutafute kitabuni au kwenye kalenda picha ya shamba lenye watu. Tufanye hivi:

1. Tupake kipande cha hadibodi rangi nyeupe mara mbili. Tuache kikauke.

2. Tuchore miraba kwa penseli juu ya picha. Tuchore miraba mingine, idadi ile ile, kwenye hadibodi. Halafu tunakili mraba mmoja mmoja.

3. Rangi ya kwanza tuizimue kwa tapentaini, iwe nyepesi. Rangi ya juu iwe na mafuta zaidi. Kwa nini? Rangi yenye mafuta mengi hukauka polepole. Ikiwa chini, ile ya juu itakauka kwanza, kisha itapasuka.

4. Tusipake migomba yote kijani kimoja. Hebu tutazame: jani lililopigwa na jua lina unjano, la kivulini lina ubuluu. Kilima cha mbali kimefifia kama moshi. Tuchanganye njano na buluu. Kijani kikiwa kikali mno, tutie nyekundu kidogo.

5. Watu tuwapime kwa kichwa. Mtu mzima aliyesimama ana urefu wa vichwa vyake saba hivi. Aliye mbali awe mdogo kuliko aliye karibu.

Tahadhari. Matambara yenye mafuta ya rangi yakirundikwa huweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Tuyaloweshe maji, tuyaanike nje mbali na nyumba. Tusile wakati wa kuchora, maana rangi nyingine zina sumu. Tunawe mikono kwa sabuni, na rangi zikae mbali na watoto.

Jambo moja ni la heshima. Nyuma ya picha tuandike: "Nakala ya kazi ya fulani." Kunakili ili kujifunza si wizi. Lakini kuuza nakala kwa kusema ni kazi yako mwenyewe ni udanganyifu, na mchoraji analindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999.

Tena, tusikae kwenye nakala maisha yetu yote. Anayenakili tu hajui bado kama macho yake yanaona. Picha ya pili au ya tatu, tufunge kitabu, twende migombani kwetu. Tumchore mama anayepalilia, mzee anayekata mkungu, watoto wanaochota maji. Hao hawamo katika kitabu chochote. Tusipowachora sisi, nani atawachora?

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini rangi yenye mafuta mengi isiwe chini?
2. Kunakili na kudanganya vina tofauti gani?
3. Ni kazi gani ya kijijini kwetu ungependa kuichora kwanza?