WATOTO WETU NA PROGRAMU ZA KUTAFUTA WAPENZI



Simu ya kugusa imeingia katika nyumba nyingi zetu, tangu mashamba ya miwa ya Busia mpaka nyumba za wafanyakazi wa simiti Tororo. Wengi tumeinunua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Mzazi akiwa zamu ya usiku, kijana hubaki na simu peke yake. Kwa hiyo yafaa tujue ndani ya simu hiyo mna nini.

Ziko programu za watu wazima kutafuta wapenzi. Mtu hutia jina, picha na tarehe ya kuzaliwa, kisha huonyeshwa watu wengine. Karibu zote zasema mtumiaji awe na miaka 18. Tinder, ambayo ni moja ya zile kubwa, ilikuwa ikipokea hata watoto wa miaka 13 mpaka ilipowakataza mwaka 2016. Lakini katika nyingi katazo ni la maandishi tu. Mtoto wa miaka 14 akiandika mwaka wa uongo, anaingia. Na uongo huo ndio unaomfunga mdomo baadaye: akidhurika, anaogopa kusema kwa kuwa yeye mwenyewe alidanganya.

Jambo la pili ni umbali. Nyingi ya programu hizi huonyesha mtu yuko kilomita ngapi kutoka ulipo. Hesabu hiyo haijui mpaka. Mwanamume aliye Malaba ya Kenya humwona msichana wa Malaba ya Uganda kama jirani. Akishatenda uovu, huvuka kwa miguu, na huko polisi ni wengine na serikali ni nyingine. Ndiyo maana sisi wa mpakani hatuna nafasi ya kungoja wiki ipite.

Mtego wenyewe huenda hivi. Kwanza maneno matamu. Kisha bando, karo ya shule, au ahadi ya kazi Nairobi, Kampala au Arabuni. Halafu mazungumzo yanahamishiwa WhatsApp na mtoto anaombwa picha ya uchi. Akiisha kuituma, sauti inabadilika: leta pesa, au njoo tuonane, la sivyo picha itafika shuleni na kwa baba yako. Wavulana nao hunaswa vivyo hivyo.

Msidhani adui ni mgeni tu. Uchunguzi wa UNICEF, Interpol na ECPAT uliotolewa 2021 kuhusu Kenya na Uganda ulionyesha kuwa mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto anamjua, na kwamba watoto wengi hawakumwambia mtu yeyote.

Sheria yasemaje? Pande zote mbili, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kenya, sheria ya makosa ya ngono ya 2006 inatoa kifungo kisichopungua miaka 15 kwa mtu mzima anayefanya ngono na mtoto wa miaka 16 au 17, na zaidi kwa mdogo kuliko hapo. Uganda, hukumu yaweza kufika kifungo cha maisha, na mtoto akiwa chini ya miaka 14, hata kifo. Kosa hili hushtakiwa na serikali. Si deni la kumalizwa nyumbani kwa mbuzi na bahasha.

Basi tufanye nini?

1. Tuzungumze na vijana kabla ya jambo kutokea. Mtoto ajue kwamba akikosea, nyumbani atasikilizwa kwanza. Ukivunja simu, atatumia ya rafiki yake na hatakuambia lolote tena.

2. Akitishwa, msilipe. Anayelipwa leo hurudi kesho.

3. Msifute ujumbe. Hifadhini namba, majina na risiti za pesa zilizotumwa. Huo ndio ushahidi.

4. Msimtumie jirani picha ya mtoto, hata kwa kumwonea huruma. Kusambaza picha chafu za mtoto ni kosa kwa sheria ya Uganda ya 2011 na ya Kenya ya 2018.

5. Pigeni 116 bila malipo. Namba ni hiyo hiyo Kenya na Uganda. Nendeni polisi siku hiyo hiyo, na kama mtoto ameguswa, hospitali kwanza, kabla hajaoga.

Ndugu, mzazi aliye kiwandani saa nane za usiku hawezi kulinda mlango wa nyumba yake peke yake. Tulilete jambo hili katika mikutano ya matawi. Tudai pia ruhusa yenye malipo kwa mzazi anayekwenda polisi au kortini kwa ajili ya mtoto wake, maana shahidi akiogopa kukatwa mshahara, kesi yaweza kufa. Mkono mmoja haulei mwana.