Kofia Ngumu kwa Wapanda Baiskeli wa Kigali: Ugavi Utangulie Amri

Kuanzia tarehe 21 hadi tarehe 28 Septemba mwaka 2025, mji wa Kigali uliyapokea mashindano ya ubingwa wa dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, ambayo hayajapata kufanyika katika bara letu la Afrika kabla ya hapo. Wengi wa wasomaji wetu walikuwa zamuni siku zile. Askari wa zamu, kama ajuavyo kila aliyewahi kupangwa kazi hiyo, ndiye mtu pekee katika umati asiyeruhusiwa kuyatazama mashindano kwa raha. Hata hivyo, kwa jicho la pembeni waliwaona mabingwa wakiukwea mlima wa mawe wa Kimihurura, na waliona jinsi Tadej Pogačar wa Slovenia alivyowaacha wenzake mbali siku ya mwisho. Tena waliona jambo moja ambalo labda hawakulitia maanani, kwa kuwa lilikuwa la kawaida mno: kila kichwa kilichopita mbele yao kilikuwa na kofia ngumu.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1991, wakuu wa mchezo huo walipotaka kuwalazimisha mabingwa kuvaa kofia ngumu, wapanda baiskeli wenyewe waligoma katika mashindano ya Paris–Nice, wakidai kuwa kofia zinawatia joto, na wakuu wakarudi nyuma. Mwaka 1995 Fabio Casartelli wa Italia alianguka akiteremka mlima katika mashindano ya Ufaransa, akafa kwa majeraha ya kichwa. Amri haikuja. Mwezi Machi mwaka 2003 Andrei Kivilev wa Kazakhstan naye akaanguka katika mashindano yale yale ya Paris–Nice, na kichwa chake hakikuwa na kinga. Alifariki dunia siku ya pili yake. Hapo ndipo kofia ngumu ilipofanywa kuwa sharti. Kutoka mgomo ule hadi sharti hili ilipita miaka 12.

Lakini nia yetu leo si kuzungumza juu ya mabingwa, ambao wana waganga, mafundi na magari ya kuwafuata. Twataka kumzungumzia mwananchi wa kawaida anayeichukua baiskeli ya umma, akaipanda kutoka kazini hadi kituo cha basi, akaiacha hapo na kwenda zake.

Baiskeli za namna hiyo zilizinduliwa mjini Kigali mwezi Septemba mwaka 2021, kampuni iitwayo Guraride iliposhirikiana na wakuu wa mji. Mtu huifungua baiskeli kituoni kwa simu yake ya mkononi, akaipanda, kisha akaifunga katika kituo kingine. Mawazo hayo si mapya duniani. Vijana wa Amsterdam walianza kutoa baiskeli nyeupe kwa yeyote azitakaye mwaka 1965, na mji wa Paris uliweka maelfu ya baiskeli zake barabarani mwaka 2007. Faida ya mpango kama huu ni kwamba mtu hahitaji kujiandaa. Ametoka ofisini, ameona msongamano wa magari, ameona na baiskeli, anapanda. Na hapo hapo ndipo ilipo hatari, kwani mtu asiyejiandaa hana kofia. Nani atatoka nyumbani asubuhi akiwa ameshika kofia ngumu, ilhali hajui kama jioni atapanda baiskeli, basi au pikipiki?

Mjini Kigali swali hili lina uzito kuliko katika miji ya tambarare. Mji huu umejengwa juu ya vilima, na anayeshuka kutoka katikati ya mji kuelekea Nyabugogo hahitaji kukanyaga pedali. Baiskeli hujiendea yenyewe, na kazi yote imo mikononi, kwenye breki. Mvua za masika zikinyesha lami huteleza. Polisi wa usalama barabarani hawahitaji kuelezwa na sisi yale yanayofuata.

Kuna watakaosema: mbona jambo hili ni rahisi? Pikipiki za abiria zote za Kigali hubeba kofia mbili, ya dereva na ya abiria, na polisi wamelisimamia hilo kwa muda mrefu hata watu wa nchi jirani hustaajabu. Kwa nini amri ile ile isitolewe kwa baiskeli za umma, na asiye na kofia atozwe faini?

Twaomba wasomaji wetu walitazame jambo hili kama maofisa wa ugavi, si kama maofisa wa operesheni. Amri ya pikipiki ilifanikiwa kwa sababu abiria hakuambiwa akanunue chochote. Kofia ilikuja na chombo, tena ilikuja na mlinzi wake, yaani dereva, ambaye huitundika, huifuta na huidai abiria anaposhuka. Abiria huweza kunung'unika juu ya jasho la aliyemtangulia, lakini kofia ipo. Baiskeli ya umma haina dereva wa kulinda kitu. Kofia itakayotundikwa juu yake asubuhi, jioni haitakuwapo. Na ikiwapo, hakuna ajuaye imeanguka mara ngapi.

Yako mambo yaliyokwisha kujaribiwa kwingineko. Jimbo la Victoria nchini Australia limewalazimisha wapanda baiskeli wote kuvaa kofia ngumu tangu mwaka 1990. Mji wake mkuu, Melbourne, ulipoanzisha baiskeli za umma mwaka 2010, watu waliziacha zimesimama vituoni, kwa kuwa sheria iliwataka wavae kitu ambacho hawakuwa nacho. Serikali ikagutuka, ikaanza kuuza kofia kwa dola 5 za huko katika maduka na katika mashine za kuuzia zilizowekwa karibu na vituo. Ilikuwa bei ya huruma, lakini ilikuja baada ya watu kukwisha kuvunjika moyo, na mpango ule ulifungwa mwaka 2019. Seattle, huko Marekani, waliweka masanduku ya kofia za kuazima vituoni, wakawa wanazikusanya na kuzisafisha. Huo nao ulifungwa mwaka 2017, ingawa hatusemi kuwa kofia ndizo zilizouua. Mji wa Mexico ulichagua njia nyingine kabisa: mwaka 2010, baiskeli zake za umma zilipoanza, uliifuta amri ya kofia. Sisi hatuwezi kuisifu njia hiyo kwa mji wenye miteremko kama ya Kigali, lakini twaelewa ni kitu gani kilichowasukuma.

Sasa tuwarudishe wasomaji wetu katika historia ambayo ni yao kuliko ya raia. Mwezi Mei mwaka 1935, nchini Uingereza, kanali wa zamani T. E. Lawrence, aliyepata sifa katika vita vya Waarabu dhidi ya Waturuki, alikuwa akiendesha pikipiki kwa kasi katika barabara ya mashamba. Ghafula akawakuta vijana wawili waliopanda baiskeli, akageuza usukani ili asiwagonge, akarushwa chini. Kichwa chake hakikuwa na kinga. Alikaa siku sita bila fahamu, akafa. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtazama alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, na kifo kile hakikumtoka moyoni.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, taa za barabarani zilizimwa nchini Uingereza kwa kuogopa ndege za adui, na matarishi wa jeshi walikwenda gizani na barua zao. Cairns alipokusanya hesabu aliona kuwa katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wamekufa katika barabara za nchi hiyo, bila ya risasi moja kufyatuliwa. Kati ya majeruhi aliowachunguza, saba tu walikuwa wamevaa kofia ngumu, na wote saba walipona. Aliyachapisha maneno hayo mwaka 1941. Kabla ya mwaka huo kwisha, jeshi lilitoa amri kwamba kila askari wa pikipiki akiwa kazini avae kofia.

Tazameni sasa lililofanya amri ile ishike. Jeshi halikumwambia tarishi akaitafute kofia dukani kwa mshahara wake. Kofia zilitoka bohari, askari akazitia sahihi kama alivyotia sahihi viatu. Tena, kwa kuwa vyuma vilihitajiwa kwingine, baadhi ya kofia hizo zilitengenezwa kwa massa ya nyuzi yaliyoshindiliwa, kama yale yatengenezayo karatasi na kadibodi. Zilikuwa rahisi, nyepesi, wala hazikuwa na sura ya kumpendeza mtu, ziliokoa vichwa. Raia wa Uingereza, ambao hawakuwa na bohari, waliwekewa sheria ya kofia za pikipiki mwaka 1973, yaani miaka 32 baada ya askari wao.

Fikra ya kofia ya karatasi haikufa pamoja na vita. Mwaka 2016 mbunifu mmoja wa Marekani, Isis Shiffer, alishinda tuzo ya kimataifa ya James Dyson kwa kofia ya karatasi iliyofumwa mfano wa sega la nyuki. Hukunjwa ikawa bapa kama kitabu, na ilikusudiwa hasa wapanda baiskeli za umma, wainunue kituoni kwa fedha chache. Twaipenda fikra hiyo kwa kuwa imelikamata tatizo lenyewe: bei, na mahali pa kuiweka kofia wakati mtu hajapanda. Lakini tuzo haimvishi mtu kofia. Mahali penye masika kama yetu, karatasi ingetakiwa kuthibitishwa kwanza kwa maji mengi.

Yafaa pia tuseme kofia hii ni kitu gani, maana askari aliyezoea kofia ya chuma huenda akaidharau. Ndani yake mna povu gumu jeupe, la jamii ile ifungwayo pamoja na televisheni mpya ndani ya boksi. Kazi ya povu hilo ni kupondeka. Linapopondeka hula nguvu ya pigo, na kichwa husimama polepole kidogo badala ya kusimama ghafula. Tofauti hiyo ya kufumba na kufumbua ndiyo uhai. Kipimo cha Ulaya huidondosha kofia, ikiwa na kichwa cha bandia ndani, kutoka kimo cha kama mita moja na nusu, hata ikafikia mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa inapogonga chuma. Hicho ni karibu kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa juu ya baiskeli. Kwa maneno mengine, kofia hii imeundwa kwa ajili ya mtu aangukaye kutoka juu ya baiskeli yake. Haikuundwa kushindana na lori. Wataalamu waliojumlisha tafiti 40 kutoka nchi mbalimbali, zenye majeruhi zaidi ya 64,000, waliona kuwa kofia hupunguza majeraha makubwa ya kichwa kwa kiasi cha asilimia 69. Si kinga kamili. Lakini hatujui kamanda atakayeikataa silaha yenye faida kama hiyo.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Kabla ya polisi kupewa kitabu cha faini, kofia ya bei nafuu iwe imekwisha kufika mahali baiskeli ilipo. Iuzwe karibu na kituo cha baiskeli na karibu na kituo cha basi, kwa bei ambayo kijana wa Nyamirambo anaweza kuilipa bila kulala na njaa, na iwe mali yake. Siku za Jumapili ambapo barabara za Kigali hufungwa kwa magari ili wananchi wakimbie na kupanda baiskeli, desturi iliyoanza mwaka 2016, watu kwa maelfu wamo barabarani na polisi wamo pamoja nao. Hakuna soko la kofia lililo bora kuliko hilo. Kampeni ya polisi ya Gerayo Amahoro, iliyoanza mwaka 2019, ingeweza kuyachukua maneno haya bila kubadili hata jina lake. Na duka la majeshi, ambalo huwauzia askari bidhaa kwa nafuu, laweza kuanza kesho, kwani askari naye hupanda baiskeli akiwa likizoni, na mwanawe pia.

Tusiwasahau wale waitwao abanyonzi, wachukuzi wa abiria na mizigo kwa baiskeli, ambao hushinda barabarani kutwa nzima wakati mwenye baiskeli ya kuazima hupanda dakika kumi. Amri ikitangulia ugavi, hao ndio watakaonyang'anywa baiskeli kwanza, na baiskeli ile ndiyo chakula cha nyumba. Wengi wao wamo katika vyama vya ushirika. Chama chaweza kununua kofia kwa jumla na kumkata mwanachama kidogo kidogo. Baada ya hapo, atakayekutwa kichwa wazi mteremkoni na atozwe faini, nasi hatutamtetea.

Kwa atakayeinunua: kofia ikae sawa juu ya paji la uso, vidole viwili tu juu ya nyusi, isirudi kisogoni kama kofia ya mwenye raha. Mkanda wa kidevu ufungwe hata kidole kimoja kipite kwa shida. Na ikisha kupigwa chini kwa kishindo mara moja, hata kama kwa macho haina ufa, povu lake limekwisha kazi. Ivunjwe kabisa kabla ya kutupwa, asije mtoto akaiokota na kuivaa.