Kibandiko cha matatu kilivyopimwa kama dawa

Kila anayeishi kando ya barabara kuu ya kutoka Naivasha kupitia Gilgil na Nakuru hadi Mau Summit anajua kwamba ajali ni mojawapo ya maradhi makubwa ya sehemu hii. Nayaita maradhi kwa makusudi. Ajali ina visababishi vyake, ina majira yake, ina mahali inapopenda kurudi, na ina kinga. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni, na kwamba hicho ndicho kiuaji cha kwanza cha watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hapa Kenya waliokufa walizidi 4,000 katika kila mwaka wa 2022, 2023 na 2024. Waliopona lakini wakabaki na mguu mfupi, kichwa kisichokumbuka, au mkono usioweza tena kushika jembe hawamo katika hesabu hiyo.

Mgonjwa wa malaria akija kwangu, nina dawa iliyojaribiwa kwa maelfu ya watu kabla ya kunifikia. Kuhusu ajali, sisi madaktari huishia kusema "endesheni kwa uangalifu", maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyapima. Je, ipo dawa ya ajali iliyopimwa kama tunavyopima vidonge? Ipo, na iligunduliwa na wanauchumi humu humu nchini mwetu, ndani ya matatu.

Msomaji huenda akauliza wanauchumi wanatafuta nini katika matatu. Nami niliuliza hivyo hivyo. Lakini tazama jinsi kazi hiyo inavyolipwa. Dereva anampelekea tajiri kiasi kilichokubaliwa kila jioni, na kinachobaki ndicho chake na utingo wake baada ya mafuta. Safari moja zaidi kabla ya giza ni pesa mfukoni mwake, nayo hatari anagawana na abiria wote. Katika mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa tumeona hesabu kama hiyo kwa malori. Kutoa gia na kuliacha gari liteleze huokoa dizeli lita kadhaa, na gharama yake huonekana breki zinapokataa. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa na watu 36 wakafa. Baada ya hapo barabara ya mteremko ule ilitenganishwa pande mbili kwa kizuizi cha zege, jambo ambalo wakazi walikuwa wamelilia kwa miaka mingi.

Serikali haikukaa kimya kabla ya hapo. Februari 2004 zilianza kutumika zile sheria za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki: mishipi kwa kila abiria, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni. Watu walizifurahia. Kisha vidhibiti vikaanza kuchezewa, mishipi ikaoza kwa uchafu, na polisi hawezi kukaa katika kila kiti. Anayekaa katika kila kiti ni abiria.

Abiria naye kwa nini hanyamazishi kasi hiyo? Hapa ndipo wanauchumi walipoona kitu. Anayepaza sauti hubeba gharama peke yake: atatukanwa na makanga, ataambiwa anunue gari lake, pengine atashushwa Kikopey na jua likiwa linatua. Faida ya mwendo kupungua inakwenda kwa wote 14, hata kwa yule aliyelala. Basi kila mmoja anangoja mwenzake aanze, na gari zima linafika Mbaruk likiwa kimya, watu wameshika viti. Si uoga tu wala si ujinga. Kila mmoja amepiga hesabu yake vizuri, lakini jumla yake ni mbaya.

Mwaka 2008 James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walijaribu kuibadilisha hesabu hiyo kwa kitu cha bei ndogo kabisa: vibandiko ndani ya matatu za masafa marefu, mahali abiria anapoviona. Vilimhimiza abiria aseme, amkemee dereva anayeendesha vibaya. Matatu zaidi ya 2,000 ziliingizwa katika uchunguzi huo. Baadhi zilipewa vibandiko, nyingine hazikupewa, na uamuzi huo uliachiwa bahati nasibu. Ili vibandiko visibanduliwe, madereva waliokutwa navyo bado vimekaa mahali pake waliweza kushinda maelfu ya shilingi katika droo.

Nataka nikae kidogo kwenye hiyo bahati nasibu, kwa sababu ndiyo moyo wa jambo lenyewe. Tuseme vibandiko vingegawiwa kwa wanaovitaka. Wenye kuvitaka wangekuwa wale matajiri na madereva waangalifu tangu mwanzo, na ajali zao chache zingehesabiwa kuwa kazi ya kibandiko. Au tuseme magari yote yangebandikwa, kisha tulinganishe mwaka huo na uliotangulia. Sisi wa Nakuru tunakumbuka Januari 2008 ilivyokuwa. Barabara zilizibwa, watu hawakusafiri. Anayelinganisha mwezi kama huo na Januari iliyotangulia anaweza kusifu chochote apendacho. Bahati nasibu huyafanya makundi mawili yafanane kwa kila kitu, pamoja na tusivyovijua, yatofautiane kwa kibandiko tu. Ndivyo tunavyojaribu dawa.

Tena hawakumwuliza dereva kama siku hizi anaendesha polepole. Kila daktari anajua thamani ya jibu la namna hiyo; mgonjwa wa presha huapa kwamba anameza vidonge, na ukihesabu vilivyobaki katika pakiti unaona vingine. Watafiti walikwenda kwa makampuni ya bima wakahesabu madai ya fidia. Katika matatu zisizo na vibandiko, kwa kila 100 kulikuwa na madai kama 10 kwa mwaka. Katika zile zilizopangiwa vibandiko, madai yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili, na madai ya ajali zenye majeruhi au vifo nayo yalishuka sana. Madereva walipohojiwa baada ya miezi minane, majibu yao yalionyesha kwamba kelele za abiria zilichangia.

Mimi niliposoma tarakimu hizo mara ya kwanza nilizitilia shaka. Dawa inayofanya kazi vizuri mno katika jaribio la kwanza mara nyingi hupungua nguvu inapotolewa kwa watu wengi. Ndivyo ilivyokuwa. Watafiti hao walirudia jaribio kwa magari kama 12,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Safari hii madai yalipungua kwa robo hadi theluthi moja, sawa na ajali pungufu 140 kwa mwaka kuliko zilizotarajiwa. Bado ni dawa nzuri. Nijuavyo, katika tiba ya maradhi mengi tungefurahia nusu ya hayo.

Jaribio la pili lilitufundisha zaidi ya la kwanza. Vibandiko vilivyowahimiza abiria waseme pamoja, kama kundi, vilifanya kazi zaidi. Picha zenye kugusa moyo zilisaidia. Matangazo ya redio yaliyoandamana na vibandiko hayakuonyesha mchango wowote katika madai ya bima. Jambo la kufikiriwa na kila ofisi inayomwaga fedha katika matangazo kila Desemba. Na kuna jambo lililonishangaza: mwendo wa magari yenye vibandiko ulikuwa chini kwa kilomita 1 au 2 tu kwa saa. WHO husema mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4 hivi, kwa hiyo kilomita hizo mbili si kitu cha kudharau. Hata hivyo peke yake hazielezi robo nzima. Naona sehemu kubwa imo katika yale ambayo kipima mwendo hakionyeshi, hasa kulipita lori mahali usipoona mbele.

Watafiti wenyewe walilipima swali moja: kama kibandiko kilifanya kazi kama kile kidonge cha unga mtupu ambacho mgonjwa hupata nafuu kwa kukimeza tu, nao hawakupata ushahidi wa hilo. Yaani hawakuona dalili kwamba dereva alijirekebisha kwa kujua tu kwamba yumo katika mpango fulani. Naheshimu swali hilo. Kwa majeruhi ambaye hakuletwa hospitali usiku ule, sababu si kitu. Kwa anayepanga matumizi ya fedha za umma, ni kitu, kwa maana kidonge cha unga huisha nguvu watu wakikizoea.

Kuhusu gharama, walikadiria kwamba vibandiko bora viliokoa mwaka mmoja wa maisha yenye afya kwa dola 10 hadi 45. Fedha hizo hazitoshi kumlaza kwa juma moja mgonjwa aliyevunjika paja. Uchunguzi wa aina hii umekwisha kubadili mambo mengine ya afya yetu. Kule magharibi mwa Kenya, Jessica Cohen na Pascaline Dupas walionyesha kwamba chandarua kilipotoka bure kikafika senti 60 za dola, wajawazito waliokichukua walipungua kwa pointi 60 katika kila 100. Michael Kremer, aliyechunguza dawa za minyoo shuleni huko Busia, alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Lakini chandarua hugawiwa na serikali. Kibandiko humhitaji msafiri mwenyewe.

Vibandiko hivyo vilikuja kujulikana kwa neno "Zusha". Neno lenyewe lina harufu mbaya masikioni mwetu, kwani tumelelewa kuwakwepa wazushi, na heshima katika safari ni kunyamaza. Kwa hiyo nieleze kile unachokinunua kwa kusema.

Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni karibu kilomita 160. Kwa kilomita 80 kwa saa ni saa mbili. Kwa 100 ni saa moja na dakika 36, endapo barabara ni nyeupe mwanzo hadi mwisho, nayo haijapata kuwa hivyo kwa malori ya Kinungi. Dereva anakuuzia dakika 24 kwa wingi. Bei yake ni hii: nguvu ya mgongano haipandi sambamba na mwendo, hupanda kwa mwendo mara mwendo, kwa hiyo kutoka 80 hadi 100 nguvu huongezeka kwa zaidi ya nusu. Asiyefunga mshipi gari likigota ghafla kwa 80 ni kama ameanguka kutoka orofa ya nane. Kwa 100, orofa ya kumi na tatu. Mfupa wa paja ukivunjika, damu lita moja au moja na nusu yaweza kumwagikia ndani ya nyama bila tone kuonekana nje, na mtu mzima ana lita tano hivi mwilini. Ndiyo maana majeruhi anayeongea vizuri pale Gilgil anaweza kufika hospitalini amezimia.

Funga mshipi hata ukiwa mchafu, nguo hufuliwa. Mtoto usimpakate mbele ya kifua chako ndani ya mshipi mmoja, maana uzito wako ndio utakaombana. Mwendo ukizidi, usianze na matusi wala usimngoje shujaa. Mgeukie jirani kwanza, umwulize kwa sauti ya kawaida kama naye anaona gari linakwenda mbio. Mkiwa wawili, mwambieni utingo kwa adabu: "Kijana, mwambie dereva apunguze, sisi hatuna haraka." Wa tatu akiitikia "kweli", dereva amekwisha kusikia. Msemeni mapema, kabla ya miteremko. Na mzee au mama mtu mzima akianza yeye, tumwitikie haraka, kwa sababu ni vigumu kwa kijana wa miaka ishirini na mitano kumshusha nyanya yake njiani mbele ya watu kumi na wawili waliokubaliana naye.