Matembezi ya Jioni Mpaka Nyumba ya Kakungulu

Mimi ni mtoto wa Jinja, nimezaliwa Walukuba, na sisi watoto wa Jinja tumezoea kujivunia maji yetu. Mgeni akija tunampeleka mahali Mto Nili unapotoka ziwani, alipofika Speke mwaka 1862, kisha tunamwonyesha bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, basi tunaona historia imekwisha. Nilipoletwa Mbale kusoma nilidhani nimeletwa mahali pasipo na historia yo yote ila mlima. Nilikosea, nami nataka kuwaeleza wenzangu, pamoja na ndugu zetu waliokwisha maliza hapa, jinsi nilivyojua kwamba nilikosea.

Ijumaa moja mwalimu wa zamu alituruhusu kutoka, mimi na mwenzangu mmoja kijana wa Kigisu, kwa sharti turudi kabla ya kengele ya chakula. Tulitoka saa kumi na moja. Tuliupita mnara wa saa, tukapita maduka ambayo kuta zake bado zina majina ya Wahindi waliofukuzwa mwaka 1972, na wanawake waliokuwa wakichoma mahindi kando ya njia. Mwenzangu alinunua mawili, akala yote mawili. Boda boda walituita, lakini hatukuwa na nauli, na tena mtu aliyepanda pikipiki haoni kitu. Jua lilikuwa likishuka upande wa Jinja, na ukuta wa Wanale ulio juu ya mji ukawa mwekundu toka mwanzo hata mwisho.

"Tunakwenda wapi hasa?" mwenzangu aliniuliza tulipokwisha toka mjini.

"Gangama, kwa Kakungulu."

Akasimama. Akasema, "Ningalijua, nisingalikuja. Wewe unakwenda kuitazama nyumba ya mtu aliyewanyang'anya wazee wetu ng'ombe?"

Sikuwa na jibu, nikamwambia tu kwamba Busoga nasi alitutawala. Tukaendelea kutembea bila kusema neno kwa muda mrefu.

Kwa wale wasiolijua jina hili, nitaeleza. Semei Kakungulu alizaliwa Kooki, karibu na mwaka 1868, akaja Buganda akiwa kijana, akawa mwindaji wa tembo, halafu jemadari katika vita vya dini vya wakati wa Kabaka Mwanga. Mwaka 1899 jeshi lake lilikuwa pamoja na askari wa Kanali Evatt walipowakamata Mwanga na Kabalega wa Bunyoro. Baada ya hayo akazidi kuingia nchi za mashariki ya ziwa Kyoga, ambazo Waganda waliziita Bukedi. Alijenga ngome, akakata barabara pana, akapanda migomba, na kila mahali akamweka Mganda kuwa mkubwa. Waingereza hawakumlipia jeshi lake, kwa hiyo jeshi lilikula vya wenyeji. Hapo ndipo ng'ombe wa babu za mwenzangu walipokwenda.

Yeye mwenyewe aliamini kwamba Sir Harry Johnston amemwahidi kuwa Kabaka wa Bukedi. Hakuupata ukabaka huo. Alipokwisha kuifungua nchi, Serikali ikaitwaa ngome yake ya Budaka, naye akapewa maili za mraba 20 chini ya Wanale. Akahamia huko na watu wake mnamo mwaka 1902, biashara ikamfuata, Serikali ikaifuata biashara, na mahali hapo ndipo mji wa Mbale ulipo. Mji mnaonunulia madaftari na viatu, ndugu zangu, ulianza kama kambi ya mtu aliyekosa ufalme.

Sasa sikilizeni habari iliyonishangaza kuliko zote. Mwaka 1906 Waingereza walimtoa Mbale wakampeleka Jinja kwetu, awe Rais wa Baraza la Busoga. Kwa jina ilikuwa heshima, lakini mimi naona walitaka kumtenga na watu wake. Busoga wakati ule ilikuwa na watawala wengi, kila mmoja na nchi yake, tena ilikuwa imeharibiwa na ugonjwa wa malale. Baraza lile liliwakalisha machifu pamoja, nalo lilitangulia cheo cha Kyabazinga tunachokiheshimu leo. Alikaa mpaka mwaka 1913. Miaka saba! Nami nimesoma Jinja shule ya msingi yote bila kulisikia jina lake. Nyumbani husimuliwa tu kwamba mzee mmoja wa ukoo wetu alichapwa kiboko na nyapara wa Kiganda kwa sababu ya kazi ya barabara, na nyapara huyo hana jina.

Aliporudi Mbale alikuwa amechoka na Waingereza. Alijiunga na Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali, kisha kwa kulisoma Agano la Kale akaamua kwamba sheria ya Musa haikufutwa. Mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, akawa Myahudi. Wafuasi wake ndio Abayudaya. Idi Amin aliwapiga marufuku, wengi wakaiacha dini hiyo, lakini waliosalia waliishika, na leo sinagogi yao kubwa iko kilima cha Nabugoye. Jioni ile tuliwapishana vijana wawili wenye kofia ndogo za kufuma wakienda haraka, maana Sabato yao huanza jua likizama.

Tulifika giza linakaribia. Nasema kweli, nilitazamia jumba la kifalme. Nikaona nyumba iliyochoka katikati ya majani, na kaburi lake karibu, kwani alifariki tarehe 24 Novemba 1928 akazikwa hapo hapo. Mzee mmoja aliyekuwa akirudisha mbuzi alitusimamia. Tukamwambia, "Mulembe, Mzee," akaitika, akatuuliza sisi ni watoto wa nani. Mwenzangu alitaja ukoo wake. Mzee akacheka, akasema, "Basi mababu zako waliijua njia hii. Wengine walikuja kushitaki, wengine walikuja kuomba kazi."

Mwenzangu hakupenda maneno hayo. Lakini nilimwona akienda peke yake hata ukutani, akaugusa kwa kiganja, akarudi.

Njiani tulibishana mpaka mjini. Yeye alisema iachwe ianguke, mimi nilisema ikianguka tutakosa mahali pa kusimama tunapobishana. Kengele ilitukuta bado tuko nje ya lango, na kwa hiyo Jumamosi asubuhi tulifyeka majani ya uwanja wa mpira mpaka saa sita. Nikiwa nimeinama na fyekeo, nilimwuliza kama atakuja pamoja na chama chetu cha historia mwezi ujao, tukiruhusiwa, kufyeka majani ya Gangama vile vile. Alisema atamwuliza kwanza babu yake. Mpaka naandika haya hajaniambia babu alijibu nini.