Kuusoma Utabiri wa Hali ya Hewa Rusumo Mwishoni mwa Kiangazi

Katika eneo la Rusumo, ambako Mto Ruvubu huungana na Mto Kagera kabla ya maji kuporomoka mpakani mwa Tanzania na Rwanda, majuma ya kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi mwanzoni mwa Oktoba huwa magumu kutabirika, kwa kuwa kiangazi hakijaisha, mvua za vuli hazijashika, na siku ya joto huweza kumalizikia kwa mvua ya ghafla yenye radi. Utabiri unaohusu saa 24 hadi siku tano zijazo unaweza kumfaa sana mwananchi wa wilaya za Ngara na Biharamulo katika majuma hayo, ila kwa sharti kwamba ajue maneno yake yanaahidi nini na hayaahidi nini.

Joto la kipindi hicho lina sababu zake. Rusumo iko takriban nyuzi 2.4 kusini mwa Ikweta, hivyo jua linapovuka Ikweta kuelekea kusini tarehe 22 au 23 Septemba, huchukua karibu wiki moja tu kufika utosini hapo. Wakati huo udongo umekwisha kukauka kwa miezi ya Juni, Julai na Agosti, na kwa kuwa hauna maji mengi ya kugeuzwa mvuke, sehemu kubwa ya nguvu ya jua huishia kuipasha ardhi pamoja na hewa iliyo juu yake. Usiku, kama mbingu ni safi, ardhi hiyohiyo hupoteza joto upesi, ndiyo maana asubuhi yenye ubaridi hufuatwa na mchana wa jua kali.

Aidha, kimo cha mahali hubadili kipimo, kwani kwa wastani joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa sababu hiyo mji wa Ngara, ulio juu milimani, huwa na ubaridi kuliko bonde la Rusumo siku ileile. Vilevile kipimo cha Bukoba, mji ulio ufukoni mwa Ziwa Viktoria ambako maji hupunguza joto la mchana na baridi ya usiku, hakiwezi kuhamishiwa Rusumo kama kilivyo, ingawa miji yote hiyo imo katika Mkoa wa Kagera.

Mvua za kipindi hiki huzaliwa na joto hilohilo. Hewa iliyopashwa ardhini huwa nyepesi, hupanda, na kadiri inavyopanda hupoa hadi mvuke uliomo unageuka matone na kufanya wingu. Ziwa Viktoria, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,000, ni chanzo kikubwa cha mvuke huo, na pepo zinazovuma kutoka mashariki huusukuma kuelekea nchi kavu ya magharibi. Wingu jeupe lililoonekana dogo saa sita mchana linaweza, kufikia saa tisa, kuwa limerefuka kwenda juu kwa zaidi ya kilomita 10, huku kitako chake kikiwa cheusi na upana wake ukiwa kilomita chache tu. Wingu la namna hiyo mara nyingi humaliza nguvu zake ndani ya saa moja hivi, kwa hiyo kitongoji kimoja huweza kulowa chapachapa na cha jirani kisipate hata tone.

Hapo ndipo lugha ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inapohitaji kusomwa kwa makini. Taarifa inaposema kwamba kutakuwa na mvua na ngurumo za radi katika maeneo machache pamoja na vipindi vya jua, haina maana kwamba kila kijiji kitapata mvua kidogo. Maana yake ni kwamba mvua itanyesha sehemu chache, pengine kwa nguvu, na sehemu nyingi zitabaki kavu. Mamlaka hutumia pia ngazi tatu za kuonya juu ya hali mbaya, ambazo ni angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Picha za setilaiti huonyesha mawingu yanavyokua, na rada ya Mwanza hupima mvua kwa mawimbi yanayorudishwa na matone, lakini kwa kuwa dunia ni duara, mawimbi hayo huzidi kupaa juu ya ardhi kadiri yanavyokwenda mbali, hivyo mvua ya mawingu ya chini karibu na mpaka huweza kupita bila kuonekana vizuri.

Kwa mkulima, hatari kubwa ni kuichukulia mvua ya kwanza kuwa ndiyo vuli yenyewe, kwa sababu mbegu za maharage au mahindi zilizoota kwa mvua ya siku moja hukauka jua likirudi kwa majuma mawili. Utabiri wa siku tano unafaa zaidi kuamua lini kahawa ianikwe au ifunikwe, na lini dereva wa lori ajihadhari na utelezi; uamuzi wa kupanda unahitaji pia utabiri wa siku kumi na ule wa msimu wa vuli, ambao kwa kawaida hutolewa mwezi Agosti.

Anayeona umeme wa radi ahesabu sekunde hadi asikie ngurumo, kisha agawanye kwa tatu, naye atapata umbali wa radi kwa kilomita. Hesabu ikiwa chini ya sekunde 30, aache jembe, aondoke chini ya mti na aingie katika nyumba imara bila kungoja tone la kwanza.