Kwa Nini Twasema "Kesho"?

Wasikilizaji, mwenye kuahirisha kazi huitwa mvivu. Lakini sivyo sikuzote. Juma moja zima niliacha madaftari ya hesabu bila kuyasahihisha, huku nikifagia chumba na kupanga vitabu. Mvivu hafagii. Naliogopa kuona kwamba sikufundisha vema. Mwaka 2013 wataalamu Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza kwamba mtu huahirisha kazi ili atulize moyo wake saa ile, na mzigo humwachia yeye yule wa kesho. Basi kazi ndogo ikikulemea, jiulize, "Naogopa nini?" kisha ianze, japo kidogo. Nilipoyafungua madaftari, kosa lilikuwa langu kweli. Nikalirudia somo, wanafunzi wakafahamu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.